SOMO LETU: POMBE, KIHENGE NA FEDHA YA PAMBA



Mara nyingi tunawasikia wazee wakisema kwamba siku hizi watu wamezidi kunywa, na vijana wakijibu kwamba hata babu zetu walikunywa. Sisi tuliozeeka katika kazi ya kufundisha walimu tulizoea kuwaonya wanafunzi wetu wasiseme jambo limezidi kabla ya kuuliza lilianzia wapi. Basi tuitazame pombe ya huku kwetu Somanda na Usukuma kwa jumla, tangu ile ya mtama hata hii ya dukani.

Tuanze na vijana, kwa kuwa wanayo haki. Babu zetu walikunywa kweli. Lakini pombe yenyewe ilipatikanaje? Mtama au uwele uliloweshwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa juani, ukasagwa kuwa kimea, kisha ukapikwa na kuachwa uchachuke. Kazi hiyo ilichukua siku nyingi, nayo ilikula nafaka ileile ya ugali. Mtu ambaye kihenge chake kilikaribia kwisha hakuthubutu kupika. Kwa hiyo pombe ilikuwa na majira yake. Ilikuja kwa wingi baada ya mavuno, wakati wa arusi, wakati wa mashindano ya ngoma za Bagika na Bagalu, na wakati wa kuwashukuru vijana waliosaidia kazi. Wazee ndio walioketi chunguni kwanza. Hatusemi hawakulewa, maana walilewa sana, na ugomvi ulikuwapo. Tunasema tu kwamba kihenge kilikuwa mlinzi, na miezi ya njaa watu walikaa bila pombe hata pasipo mahubiri.

Serikali za kikoloni zilikuwa na hofu zaidi juu ya vinywaji vikali. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ulikataza kuingiza pombe kali za biashara katika sehemu kubwa ya Afrika, na Mwafrika wa Tanganyika hakuruhusiwa kuzinywa. Makatazo hayo yalilegezwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Lakini gongo, pombe ya kuchemsha na kukusanya mvuke, haikuruhusiwa wala haikukoma; mwaka 1966 Bunge letu wenyewe lilitunga sheria maalum juu yake.

Kilichogeuza mambo hasa huku kwetu, kwa maoni yetu, ni pamba. Vyama vya ushirika vilipopata nguvu katika miaka ya 1950, mkulima alianza kupokea fedha taslimu kwa mkupuo mmoja msimu wa kuuza ulipofika. Fedha haina kihenge. Mtu akiwa nayo mkononi hahesabu madebe ya mtama yaliyobaki, anahesabu noti. Tena sukari ya dukani ilipozoeleka, kangara na wanzuki viliweza kupikwa mwezi wowote, kwa siku chache tu, bila kungoja mavuno wala asali. Hapo mlinzi wetu wa zamani aliondoka langoni.

Bia ya chupa ilichelewa. Kiwanda kilitwaliwa na Serikali mwaka 1967, na wanaokumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, Bariadi ilipokuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, wanajua kwamba bia ilikuwa adimu kama sabuni. Mwaka 1993 nusu ya kampuni hiyo iliuzwa kwa wenye viwanda wa Afrika Kusini, na bia ikaenea mpaka minadani. Kisha vikaja viroba. Kijana aliyekosa bei ya chupa alinunua konyagi ya mfuko mdogo, akaitia mfukoni, akaenda nayo hata shuleni. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, nasi tunaona ilifanya vema.

Sasa hesabu kidogo, maana mwalimu haachi ubao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika miaka ya 2008 hadi 2010 kila Mtanzania wa miaka 15 na zaidi alikunywa kwa mwaka, kwa wastani, lita 7.7 za alkoholi tupu. Kwa mwaka 2016 kadirio lilikuwa lita 9.4, wakati wastani wa bara letu ulikuwa 6.3. Chupa ya bia ya nusu lita, yenye asilimia 5, ina lita 0.025 tu za alkoholi. Gawanya, utapata chupa 308 hapo mwanzo, na 376 baadaye, yaani zaidi ya moja kila siku. Hapo wamehesabiwa hata wasioonja kabisa, ambao ni wengi, pamoja na jirani zetu wa AIC na Wasabato. Basi wanaokunywa wanabeba pia chupa za hao. Na sehemu kubwa ya hesabu hiyo ni pombe za kienyeji, si bia.

Hapa tuwe waangalifu. Anayepika pombe mara nyingi ni mama anayetafuta ada na madaftari, na mume wake ndiye anayekwenda kuzimaliza fedha za pamba kwa mama mwingine. Tukimlaani mpishi peke yake tutakuwa tumeona nusu ya jambo. Kanisa letu halikukataza divai, na aliyesoma Yohana 2 asiache kusoma Mithali 23.

Kwa mazungumzo ya nyumba kwa nyumba: kila familia iandike, tangu pamba inapouzwa mpaka mvua za kupanda, ni madebe mangapi ya nafaka na kilo ngapi za sukari zilizoingia katika pombe, na ni shilingi ngapi zilizotoka. Kina mama watusaidie kukadiria, kwa kuwa wao ndio wanaojua kihenge kimebaki na nini mwezi wa Februari.