Viti vya Nyuma Kanisani: Ubaguzi wa Rangi katika Mji wa New Orleans

Mtume Yakobo, katika barua yake, asimulia habari za watu wawili waingiao pamoja katika mkutano wa waamini. Mmoja ana pete ya dhahabu na nguo za kung'aa. Mwenziwe ni maskini, na nguo zake ni chafu. Yule wa kwanza hupewa kiti kizuri, naye maskini huambiwa asimame kando ama aketi chini. Mtume awakaripia vikali watendao hivyo. Basi katika mji wa New Orleans, kusini mwa Marekani, jambo hilo lilitendeka kila Dominika kwa muda wa miaka mingi, ila hapakuulizwa habari za pete wala za nguo. Paliulizwa rangi ya ngozi.

New Orleans ni mji wa bandari katika jimbo la Louisiana, karibu na mahali mto mkubwa wa Mississippi unapoingia baharini. Wafaransa waliuanzisha mwaka 1718, na kwa hiyo wenyeji wake wengi, Weupe kwa Weusi, wamekuwa Wakatoliki tangu zamani. Watumwa waliletwa huko kutoka Afrika, na wakati wa utawala wa Wahispania wengi wao walitoka pande za Kongo. Hata leo mjini humo pana mahali paitwapo Uwanja wa Kongo, ambapo watumwa walikusanyika Dominika alasiri, wakicheza ngoma za kwao na kuuza mazao ya bustani zao. Mfalme wa Kongo, Nzinga a Nkuwu, alibatizwa mwaka 1491, kabla mji wa New Orleans haujafikiriwa na mtu yeyote. Yawezekana, basi, kwamba baadhi ya watumwa wale walijua kufanya ishara ya msalaba kabla ya kumwona bwana wao mpya.

Sheria ya mfalme wa Ufaransa ya mwaka 1724 iliamuru watumwa wa Louisiana wabatizwe na kufundishwa dini, tena wapumzike Dominika. Sheria hiyo hiyo iliamuru mtumwa mtoro akatwe masikio. Hivyo maji ya Ubatizo na kisu viliandikwa katika karatasi moja, na mabwana wengi hawakuona neno.

Utumwa ulikomeshwa katika Marekani yote mwaka 1865, baada ya vita vya miaka minne. Mwaka 1868 katiba ya nchi iliongezwa maneno ya kwamba kila mtu aliyezaliwa nchini ni raia, naye alindwe na sheria sawa na wenzake. Lakini Weupe wa kusini walipopata nguvu tena, walitunga sheria za kuwatenga Weusi. Mwaka 1890 Louisiana ilitoa sheria ya kuwa Weupe na Weusi wasipande behewa moja la gari moshi.

Watu wa New Orleans hawakunyamaza. Weusi na machotara wenye elimu waliunda Kamati ya Raia, wakachanga fedha, wakapatana na fundi viatu mmoja aitwaye Homer Plessy, Mkatoliki, aende kuijaribu sheria ile. Katika wazee wanane waliozaa babu na nyanya zake, saba walikuwa Weupe. Kwa macho tu mtu asingemtambua. Tarehe 7 Juni 1892 Plessy alinunua tiketi ya daraja la kwanza, akaketi katika behewa la Weupe, akajitaja kuwa si Mweupe. Akakamatwa. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya nchi, na tarehe 18 Mei 1896 mahakimu saba walikata shauri kwamba kuwatenga watu si kosa, mradi kila upande upewe mahali palipo sawa. Hakimu mmoja tu, John Marshall Harlan, alikataa. Neno hilo la “kutengwa lakini sawa” lilikuwa uwongo tangu siku ya kwanza, kwa maana shule za Weusi zilipewa fedha kidogo, na vitabu vilivyochakaa vya watoto Weupe. Plessy alilipa faini ya dola 25. Liwali wa Louisiana alimwondolea hatia mwaka 2022, hali Plessy yumo kaburini tangu 1925.

Na Kanisa je? Hapa inafaa kusema kweli, hata kama yauma. Mwaka 1895 Askofu Mkuu Francis Janssens alifungua mjini humo kanisa la Mtakatifu Katarina kwa ajili ya Weusi peke yao. Aliona jinsi walivyodharauliwa katika parokia zao, akataka wapate mahali pa kusali kwa amani. Watu wa Kamati ya Raia walimpinga, wakisema kwamba Kanisa likianza kutenga, nani atailaumu serikali? Nia ya Askofu haikuwa mbaya. Matunda yake yalikuwa machungu. Parokia za Weusi ziliongezeka, na Mkristu Mweusi aliyeingia katika kanisa la Weupe aliketi viti vya nyuma, akasubiri Weupe wote wamalize kupokea Komunyo, ndipo akaribie naye. Hata penye kuungama alingoja hivyo hivyo.

Wapo waliofanya kazi njema katika giza hilo. Henriette Delille, binti chotara wa New Orleans, aliwakusanya wenzake mwaka 1842 wakawa Masista wa Familia Takatifu, wakawahudumia watumwa, wazee na yatima. Mtakatifu Katharine Drexel, aliyezaliwa katika utajiri mkubwa, alitumia urithi wake kujengea Weusi na Wahindi wa Marekani shule, pamoja na chuo kikuu cha Xavier mjini humo. Lakini viti vya nyuma vilibaki palepale.

Mwaka 1935 aliwekwa Askofu Mkuu mpya, Joseph Rummel, mzaliwa wa Ujeremani. Hakuwa mtu wa haraka. Mwaka 1948 aliwapokea vijana Weusi katika seminari kuu. Mwaka 1953 aliandika barua isomwe makanisani: tangu sasa pasiwe na viti vya rangi, wala safu ya rangi kwenye Komunyo, wala kwenye maungamo. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei 1954, Mahakama Kuu nayo ikageuka, ikasema kwamba kuwatenga watoto katika shule za serikali ni kinyume cha katiba.

Ndipo chuki ilipojitokeza wazi. Dominika moja ya Oktoba 1955, Padri Mweusi, Gerald Lewis, alifika katika kikanisa cha Jesuit Bend, wilaya ya Plaquemines, kusoma Misa. Wanaume Weupe walimsimamisha mlangoni, wakamwambia hawezi kuwasomea Misa. Watu hao walikuja kula Mwili wa Kristu, nao wakakataa mikono iliyopakwa mafuta ili kuwapa! Askofu Mkuu alisimamisha Misa mahali hapo: wasiomtaka Padri wasipate Misa. Februari 1956 aliandika barua nyingine, akafundisha kwamba ubaguzi wa rangi wenyewe ni dhambi, kwa maana unaukana umoja wa wanadamu wote walioumbwa na Mungu na kukombolewa na Kristu. Walei fulani Weupe waliunda chama cha kumpinga, wakapeleka mashtaka yao hadi Roma kwa Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Mbili. Hawakusikilizwa.

Hata hivyo shule za Kanisa hazikufunguliwa kwa Weusi mwaka huo, wala uliofuata. Wazazi walitishia kuwaondoa watoto, na watunga sheria walitishia kuzinyima shule hizo msaada. Askofu akangoja. Jambo lililokwisha kuitwa dhambi liliachwa miaka sita. Tarehe 14 Novemba 1960 binti wa miaka sita, Ruby Bridges, aliingia katika shule ya serikali ya William Frantz, akilindwa na askari wa serikali kuu, katikati ya watu waliomtukana. Na mwaka mzima mwalimu mmoja alimfundisha peke yake darasani, kwa kuwa Weupe waliwaondoa watoto wao. Mtoto huyo alitangulia, na shule za mapadri na masista zikamfuata nyuma.

Mwisho, Machi 1962, Rummel, mwenye umri wa miaka 85 na karibu kuwa kipofu, alitangaza kwamba shule zote za Kikatoliki zitawapokea watoto wote mwezi wa Septemba. Watatu waliowachochea watu waasi walionywa kwa barua. Hawakusikia. Tarehe 16 Aprili walitengwa na Kanisa. Mmojawapo alikuwa Leander Perez, mwanasheria aliyeitawala wilaya ya Plaquemines kama shamba lake. Mwingine, mwanamke, alipiga magoti katika ua wa Askofu, akamtaka akiri ya kwamba ubaguzi ni amri ya Mungu. Mzee yule hakumjibu neno.

Mkatekumeni ataweza kuuliza: Je, Askofu naye hakuwatenga watu, kama wao walivyotenga? Sivyo. Weusi walisukumwa nyuma kwa ajili ya ngozi waliyozaliwa nayo, ambayo hakuna atubuye. Watu hawa watatu walizuiliwa Sakramenti kwa ajili ya tendo walilolichagua wenyewe, na mlango uliachwa wazi siku watakapolikana. Kutengwa na Kanisa ni dawa kali. Hutolewa ili mgonjwa apone.

Septemba ilipofika, shule nyingi zilifunguliwa kwa amani kuliko ilivyoogopwa. Huko Buras, katika wilaya ya Perez, watoto Weusi watano walifika shuleni, na Weupe wakaikimbia. Mwaka 1963 mlipuko uliiharibu shule hiyo. Tarehe 2 Julai 1964 serikali kuu ilitoa sheria ya kukataza ubaguzi katika hoteli, mikahawa na kazi, na mwaka 1965 sheria ya kulinda haki ya Weusi ya kupiga kura. Rummel aliiona ile ya kwanza tu. Alikufa tarehe 8 Novemba 1964.

Perez aliendelea kusema maneno yake makali miaka kadhaa. Kisha, kabla ya kufa mwaka 1969, alipatanishwa na Kanisa, akazikwa kwa Misa.