Gari Lililosimama Nalo Hugonga



Kila tunapotaja usalama wa barabarani, hakosi mtu wa kusema "ajali haina kinga", na mazungumzo yakafa papo hapo. Methali hiyo ina mahali pake, lakini si mbele ya lango la shule. Ajali ya pale ina kinga, nayo huanza na swali dogo: magari yameegeshwa wapi?

Wengi wetu hudhani gari la kuogopwa ni lile linalokwenda. Lililosimama litamgonga nani? Hebu tulipime. Mtoto wa Gredi ya kwanza ana kimo cha sentimita 115 hivi, 120 akiwa mrefu. Gari dogo la kawaida lina sentimita 145 au zaidi, na matatu ya abiria 14 inakaribia mita mbili. Mtoto akisimama kati ya magari kama hayo, dereva anayekuja haoni hata kofia yake. Mtoto naye tumemfundisha atazame kulia, kushoto, kisha kulia tena. Maskini, anatazama kwelikweli, lakini anachokiona ni bati tu. Ili aione barabara hana budi kupita ubavu wa gari, yaani hatua mbili tatu ndani ya lami. Atakapoona, keshaingia.

Sasa tuingie kidogo katika fizikia. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva huhitaji kama sekunde moja kutambua hatari na kufikisha mguu kwenye breki. Mita 14 hizo zimekwenda bure. Kisha breki zenyewe hula mita nyingine 14 hivi kwenye lami kavu, jumla 28. Gari la kilomita 30 kwa saa husimama katika mita 13 tu. Itazame hesabu hiyo vizuri: mtoto akichomoza mita 13 mbele, gari la kilomita 30 husimama miguuni pake, ilhali lile la kilomita 50 humfikia kabla dereva hajagusa breki. Na sheria yetu ya trafiki huruhusu kilomita 50 mijini!

Tukiacha mita 20 tupu kabla ya kivuko, mambo hubadilika. Dereva huwa katikati ya njia yake, si ukingoni, kwa hiyo jicho lake hupenya mshazari na kumwona mtoto akiwa bado amesimama pembeni, kutoka umbali wa mita 30 na zaidi. Hizo zinatosha kusimamisha gari.

(Wanachama wapenda maneno mnajua kwamba "kuegesha" ni neno la mabaharia: chombo ndicho kilichoegeshwa pwani. "Kivuko" nacho hunukia maji, waulize watu wa Likoni. Mjini tumezoea kusema "kupaki".)

Ni nani basi wanaopaki langoni asubuhi, kati ya saa kumi na mbili u nusu na saa mbili? Matatu zipo, bodaboda zipo, pikapu ya mboga ipo. Lakini wengi ni wazazi. Jambo hili linachekesha na kuhuzunisha: mzazi hutaka mwanawe ashuke salama mlangoni kabisa, na gari lake ndilo linalomficha mtoto wa mwenzake aliyekuja kwa miguu.

Wengine wamekwisha kulishughulikia jambo hili. Huko Bolzano, kaskazini mwa Italia, tangu 1989 barabara za mbele ya baadhi ya shule hufungwa kwa muda mfupi watoto wanapoingia na kutoka. Karibu na kwetu, shirika la Amend lilianzia Dar es Salaam mradi wake wa SARSAI: matuta, njia za miguu, vigingi, hata kuhamisha lango la shule likatazame barabara tulivu. Mwaka wa 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya WRI Ross. Haikuwa miujiza wala mabilioni.

Kwetu sisi, rangi peke yake haitafua dafu. Mvua mbili tu imekwisha. Panahitajika vigingi vya zege vya kumzuia hata mkaidi. Wazazi wapewe mahali pa kushushia watoto mita 150 hivi kutoka langoni, upande ule ule wa shule, na mwanafunzi mlemavu aruhusiwe kuletwa hadi mlangoni. Stendi ya matatu isogezwe mbele ya kivuko badala ya kabla yake, ili gari linaposimama lisizibe macho ya wanaolifuata. Wenye maduka watalalamika kwamba wateja watapungua. Malalamiko yao nayaelewa, ila marufuku ya saa chache asubuhi na jioni hayawezi kuwafilisi, na wateja wao wengi huja kwa miguu.

Jumamosi iliyopita tulipima kwa kamba. Kutoka kivuko chetu hadi gari la kwanza lililoegeshwa palikuwa na mita 3. Barua yenye vipimo hivyo kwa serikali ya kaunti iko kwa mwalimu mlezi wa chama, na nafasi ya sahihi bado ipo.