SOMA NAMBA YA CHASISI KABLA YA KUNUNUA GARI

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma na kuhesabu. Somo hili litakuonyesha jinsi ya kutumia elimu hiyo kulinda fedha zako.

Tuseme wakulima watano wa vitunguu hapa Malolo wamevuna vizuri. Kila msimu hulipa nauli kubwa ya kupeleka magunia yao hadi barabara kuu ya Morogoro na Iringa. Wameamua kuchanga fedha ili wanunue pikapu iliyokwisha kutumika. Muuzaji ameileta. Rangi inang'aa na injini inawaka mara moja. Je, watoe fedha? Bado. Kwanza wasome.

Namba tatu za gari

Ya kwanza ni namba ya usajili. Hii huandikwa kwenye vibao vya mbele na nyuma. Mtu mwenye bisibisi anaweza kubadili vibao hivyo kwa dakika chache. Kwa hiyo usitegemee kibao peke yake.

Ya pili ni namba ya injini. Injini huweza kubadilishwa kwa sababu halali, kama vile kuharibika. Lakini badiliko hilo lazima liandikishwe.

Ya tatu ni namba ya chasisi. Hii hugongwa kwenye chuma cha gari kiwandani. Hukaa na gari maisha yake yote. Hii ndiyo namba ya kuitazama sana.

Namba ya chasisi iko wapi?

Katika pikapu nyingi iko kwenye chuma kirefu cha chini, karibu na gurudumu la mbele. Katika magari madogo mengi iko chini ya boneti. Katika pikipiki iko shingoni, pale usukani unapoingia. Ikifunikwa na tope, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Usikwangue kwa tupa.

Jinsi ya kusoma

Mwombe muuzaji kadi halisi ya gari. Usikubali nakala. Mtu mmoja asome kadi kwa sauti, na mwingine afuate kwa kidole kwenye chuma. Someni herufi moja moja na tarakimu moja moja. Angalieni sana 0 na O, 1 na I, 5 na S, 8 na B.

Magari mengi duniani yana namba yenye herufi na tarakimu 17. Katika namba hizo herufi I, O na Q hazitumiki, ili watu wasizichanganye na 1 na 0. Magari mengi yaliyotumika Japani kabla ya kuletwa kwetu yana namba fupi zaidi. Ufupi huo si kosa. Kosa ni namba ya chuma na ya kadi kutolingana.

Tazama pia chuma chenyewe. Je, kimechomelewa au kusagwa hapo penye namba? Je, kuna rangi mpya mahali hapo tu? Je, tarakimu zimepinda au hazilingani ukubwa? Ukiona hivyo, usilipe.

Kabla ya kulipa

1. Linganisha jina la kwenye kadi na kitambulisho cha muuzaji.
2. Nendeni pamoja ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Huko ndiko kunakotunzwa kumbukumbu za usajili wa magari.
3. Ulizeni polisi wa usalama barabarani kama gari hilo linatafutwa.
4. Andikeni mkataba mbele ya wakili. Namba ya chasisi iandikwe ndani yake.
5. Mkishalipa, badilisheni kadi mapema iwe kwa jina lenu.

Muuzaji akisema, "Harakisheni, kuna mtu mwingine anaitaka," mwacheni aende. Mwizi hana haki ya kuuza mali ya mtu. Polisi wakilikamata gari la wizi, hurudishwa kwa mwenyewe, nawe hubaki bila gari na bila fedha. Na ukinunua huku unajua kuwa ni la wizi, nawe una hatia.

Zoezi

Soma namba hizi za mfano:

Kwenye kadi: LN106-0045318
Kwenye chuma: LN106-0045813

Je, zinalingana? Onyesha kwa kidole mahali zinapoachana.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini kibao cha namba hakitoshi?
2. Namba ya chasisi ya pikipiki iko wapi?
3. Muuzaji amekataa kwenda TRA pamoja nanyi. Mtafanya nini?
4. Mwenye pikipiki kijijini aombwe kuileta darasani pamoja na kadi yake. Someni namba ya chasisi kwa zamu.