SOMO LA MAJI: KUTIBU NYUMBANI HAKUONDOI WAJIBU WA MRADI

Wananchi na watumishi wa vijiji vya milimani, kama vile vya Vidunda wilayani Kilosa, wanakumbushwa kwamba Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Na. 5 ya mwaka 2019, imekabidhi miradi ya vijijini kwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, chini ya usimamizi wa RUWASA. Mwananchi kutibu maji nyumbani hakuviondolei vyombo hivyo wajibu wao.

Hata hivyo, maji yaliyotoka salama bombani huweza kuchafukia ndooni. Kwa hiyo:

Kwanza, maji yenye tope yachujwe kwa kitambaa safi, maana tope hudhoofisha klorini.

Pili, yachemshwe hadi yatokote, au yatiwe klorini kwa kipimo kilichoelekezwa na kuachwa dakika 30.

Tatu, yahifadhiwe katika mtungi au ndoo yenye mfuniko.

Ikumbukwe kuwa kuchemsha huua vijidudu. Hakuondoi chumvi wala floridi. Maji yakibadilika rangi au ladha, au watu wengi wakiharisha, viongozi wa mradi waarifiwe siku hiyo hiyo. Anayenyamaza kwa kuwa kwake yanachemshwa amemsahau jirani asiye na kuni.