Upasuaji wa Uvimbe wa Ubongo Mgonjwa Akiwa Macho: Picha Zinasaidiaje?

Mgonjwa anaweza kupasuliwa ubongo akiwa macho, akizungumza na daktari, bila kuhisi maumivu kwenye ubongo wenyewe. Ubongo hauna neva za kuhisi maumivu. Ngozi ya kichwa na utando unaofunika ubongo ndivyo huuma, na hutiwa ganzi. Mara nyingi mgonjwa hupewa dawa ya usingizi fuvu linapofunguliwa, kisha huamshwa uvimbe unapoanza kuondolewa.

Kwa nini aamshwe?

Uvimbe ukiwa karibu na sehemu zinazoongoza usemi au mikono na miguu, kukata kupita kiasi kunaweza kumwacha mgonjwa bila usemi au amepooza. Sehemu hizo hutofautiana kidogo kati ya mtu na mtu. Kwa hivyo daktari hugusa ubongo kwa umeme mdogo huku mgonjwa akihesabu, akikunja vidole au akitaja vitu anavyoonyeshwa. Akiona kikombe na kushindwa kukitaja, sehemu iliyoguswa huwekwa alama na haikatwi. Daktari Wilder Penfield, aliyeanzisha taasisi ya ubongo mjini Montreal, Kanada, mwaka 1934, aliitumia sana njia hii kwa wagonjwa wa kifafa.

Ramani inayopitwa na wakati

Kabla ya upasuaji, mgonjwa hupigwa picha za MRI. Kompyuta huzitumia kumwonyesha daktari mahali kifaa chake kilipo ndani ya kichwa. Lakini fuvu likifunguliwa, maji yanayozunguka ubongo hupungua na ubongo hushuka. Uvimbe unapoondolewa, ubongo husogea tena, kwa milimita kadhaa au hata zaidi ya sentimita moja. Picha ya awali huwa kama ramani ya kingo za mto iliyochorwa kabla ya mafuriko.

Ndiyo sababu picha mpya hupigwa upasuaji ukiendelea. Katika hospitali ya Brigham and Women's mjini Boston, Marekani, upasuaji ndani ya mashine ya MRI ulianza miaka ya 1990. Daktari alisimama katikati ya sumaku mbili. Mjini Calgary, Kanada, mashine iliundwa ikaning'inizwa kwenye reli za dari ili isogezwe hadi kwa mgonjwa. Vyuma vinavyovutwa na sumaku lazima viondolewe kwanza, na kazi husimama kwa muda. Kwa mgonjwa aliye macho, kungoja huko kunachosha.

Njia nyingine ni ultrasaundi, kama ile inayotumika kwa akina mama wajawazito. Kifaa huwekwa juu ya ubongo na picha huonekana papo hapo. Gharama yake ni ndogo kuliko ya MRI, lakini damu na hewa palipokatwa zinaweza kuichafua picha.

Picha na sauti

Picha humwonyesha daktari uvimbe uliobaki. Sauti ya mgonjwa humwambia mahali pa kukomea. Viwili hivi vikipingana, kwa kawaida kipande cha uvimbe huachwa, kisha hutibiwa kwa mionzi au dawa, au hufuatiliwa kwa picha. Familia ikiambiwa kwamba uvimbe haukuisha wote, isidhani mara moja kwamba daktari alikosea. Huenda kipande hicho kiliachwa ili mgonjwa aendelee kuwaita watoto wake kwa majina.

Kabla ya kutia sahihi, familia inafaa kuuliza:

1. Uvimbe uko karibu na sehemu gani ya ubongo?
2. Picha gani zitapigwa wakati wa upasuaji?
3. Uvimbe usipoisha, matibabu yatakayofuata ni yapi?
4. Mgonjwa atazungumzishwa kwa lugha gani? Ni vyema iwe ile anayoizoea nyumbani.

Dalili za kuangalia

Mtu mzima kupata degedege kwa mara ya kwanza. Maumivu ya kichwa yanayozidi, hasa asubuhi pamoja na kutapika. Udhaifu wa upande mmoja. Kupotewa na maneno. Au macho kupungua nguvu. Magonjwa mengine pia huleta dalili hizi, na degedege si uchawi. Mkazi anayeziona anashauriwa kufika kituo cha afya kilicho karibu bila kuchelewa, ili apimwe na, ikihitajika, apewe rufaa.