Sumu ya kolera na fundi wake msaidizi



Kando ya Lualaba na ziwa Upemba, kolera inarudi mara kwa mara. Reli inaunganisha Bukama na Kamina, kwa hiyo na sisi wa Katoto inatuhusu. Leo tujifunze jinsi mikrobi yake inavyotengeneza sumu.

Sumu hiyo ni protini. Kwanza mikrobi inaitengeneza kama minyororo mirefu, isiyokunjwa. Mnyororo wa namna hiyo haudhuru mtu, kama vile ufunguo usiochongwa meno haufungui mlango.

Mikrobi ina ngozi mbili. Katikati yake anafanya kazi fundi msaidizi, protini nyingine iitwayo DsbA. Anaunganisha salfa mbili za mnyororo, kama fundi anavyokaza bolti, ili umbo lishike. Kisha vipande 6 vinaungana kuwa sumu moja, nayo inapita mlango wa ngozi ya nje. Mwaka 1992, Peek na Taylor wa Marekani walionyesha kwamba mikrobi iliyokosa msaidizi huyu inashindwa kutoa sumu yake kama kawaida.

Sumu iliyokamilika ikiingia tumboni, kipande chake kimoja, ambacho ni anzaimu, kinafanya utumbo umwage maji na chumvi bila kukoma. Mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa.

Sasa fikirini yai. Likichemka haligeuki tena kuwa bichi, kwa sababu moto umeharibu umbo la protini zake. Vivyo hivyo maji yakichemka, protini za mikrobi zinaharibika, naye anakufa.

Mama na baba, tushike haya:

1. Chemsheni maji ya kunywa mpaka yatokote dakika 1 nzima, kisha yafunikeni.

2. Naweni mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula bukari. Samaki aive sawasawa.

3. Mtu akihara maji maji, msingoje. Katika lita 1 ya maji safi tieni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, anywe kidogo kidogo. Sumu haizuii utumbo kupokea chumvi ikifuatana na sukari, na maji yanafuata.

4. Mpelekeni kwa munganga mara moja, akiendelea kunywa njiani. Kolera inaua kwa saa chache, lakini anayerudishiwa maji mapema hupona.