Ada ya mdogo wangu imeishia kwenye mradi

Shangazi, nina miaka 29, naishi Mbagala Rangi Tatu. Nimeajiriwa na kampuni ya kimataifa ya ushauri elekezi, ofisi ziko Masaki. Tunafanya tathmini za miradi ya wafadhili. Meneja wetu hana mpango. Saa nne usiku anatuma kwenye grupu kwamba dodoso limebadilika, asubuhi tunatakiwa kijijini. Mwezi wa pili huu nadai posho pamoja na pesa za bodaboda nilizolipa kwa simu yangu, hadi ada ya mdogo wangu imeingia humo. Nikiuliza, naambiwa mfadhili hajaleta pesa. Nataka kuacha kazi kesho.
Mdodosaji, Temeke

Mwanangu, barua ya kuacha kazi usiiandike kesho. Hasira yako naielewa: unatoka Rangi Tatu alfajiri, umesimama kwenye daladala, unafika unaitwa mzembe kwa dodoso lililobadilishwa umelala. Lakini barua hiyo ndiyo watakayoishikilia, waseme uliondoka mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtambua aliyeacha kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike, ila utatakiwa uthibitishe, na ushahidi wako wote umo kwenye simu.

Basi anza na simu. Kila meseji ya muamala ina tarehe, kiasi na jina la aliyepokea. Zichape zote, zile za saa nne usiku pia, uambatanishe za malipo na fomu ya madai, upeleke kwa mhasibu nakala mbili, yako igongwe muhuri. Wakikataa, tuma kwa barua pepe siku hiyo hiyo.

Hilo la mfadhili limeniuma. Tangu Marekani isimamishe misaada Januari 2025, kampuni za aina hii zimeyumba kweli. Lakini mkataba wako umesainiwa na kampuni, si na mfadhili, na ada ya mtoto wa Mbagala si mtaji wa mtu wa Masaki.

Wape siku saba kwa maandishi. Wakinyamaza, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai kama yako hupelekwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro uzuke (ya kuachishwa kazi ni 30), nawe mwezi wa pili umeshauingia. Ukichelewa, utaanza kwa kuomba kuongezewa muda.

Na leo jioni mwambie mdogo wako ada yake iko wapi. Asije akasikia kwa mwalimu.